Kope la Kushoto

Asubuhi ile mjomba wangu alikuwa anakufa, na sisi tulikuwa tunacheka. Tulicheka kwa moyo mweupe kabisa, mpaka Mwalimu Mkuu akajipangusa machozi kwa upindo wa mtandio wake. Kabla hujaniita muuaji, ngoja kwanza nikueleze sheria ya karakana yetu. Bila sheria hiyo hutaelewa jinsi watu watatu wenye akili zao walivyomkalia mgonjwa kitako na kumpigia makofi.

Mjomba ni fundi viatu. Si wa viraka tu, ni wa kukishona kiatu tangu ngozi ikiwa kipande mpaka ukivae uanze kutembea kwa maringo. Mtaa mzima unamwita Fundi Kope, kwa ajili ya jicho lake la kulia. Kila akisema jambo la mzaha, jicho hilo hufumba na kufumbua mara moja, chap, kama kobe aliyechungulia nje akakuta mvua. Na sheria yenyewe ndiyo hii: kilichosemwa kwa kope hakihesabiki.

Aliwahi kumwambia bwana harusi kwamba viatu vyake vimeuzwa kwa bwana harusi mwingine mwenye haraka zaidi. Yule kijana akakaa chini sakafuni. Chap. Akainuka. Na siku ya harusi yake mwenyewe Mjomba, alipoulizwa kama anakubali kuoa, alijibu, "Ngoja kwanza nifikirie." Mkewe, ambaye mimi namwita Mkaza Mjomba, aliliona kope akacheka mpaka shela ikateleza. Baba mkwe alikuwa amekaa upande wa kushoto. Hakuliona. Mpaka leo anampa Mjomba mkono kwa ncha za vidole tu.

Mimi ni mpwa wake, na niliingia karakana nilipomaliza kidato cha nne. Miaka mitatu sasa nakata, nashona, napiga gundi, nang'arisha. Lakini jozi nzima, tangu kupima mguu hadi msumari wa mwisho wa kisigino, sijawahi kuachiwa. Kila nikimuuliza, "Mjomba, lini nitashona jozi yangu?" ananijibu, "Mwezi ujao, mpwa wangu." Chap. Nimeshapewa miezi ijayo thelathini na sita, na hakuna hata mmoja unaohesabika.

Sasa njoo kwenye kalibu. Kalibu ni mguu wa mbao ambao kiatu hujengwa juu yake, na kila mteja wetu wa zamani ana zake, zimeandikwa jina, zimepangwa rafuni kama jeshi lililosahau miili nyumbani. Mteja akiota sugu au mfupa, hatuchongi kalibu mpya. Tunapigilia kipande cha ngozi pale palipozidi, basi.

Kalibu za Mjomba mwenyewe zilining'inia kwenye msumari karibu na mlango. Alipooa alivaa namba arobaini na mbili. Miaka minne iliyopita viatu vikaanza kumbana. "Ngozi za siku hizi zinasinyaa," akalalamika, akapigilia kipande cha kwanza cha ngozi na kuandika mwaka juu yake kwa kalamu. Mwaka uliofuata, cha pili. Kisha cha tatu. Kisha cha nne, na sasa anavaa arobaini na sita. Nikambatiza Mjomba Toleo Jipya.

Si miguu tu. Pete ya ndoa ilikatwa kwa koleo. Meno ya chini yaliachana kama ndugu waliogombania shamba. Sauti ilishuka ikawa inatokea chini ya meza. Alikoroma mpaka Mkaza Mjomba akahamia chumba cha pili, na mwaka huu akaanza kugonga miimo ya mlango, leo bega la kulia, kesho la kushoto.

"Mlango huu umesogea," alikuwa akisema.

"Mlango uko pale pale, Mjomba. Wewe ndiye unayeendelea kujengwa."

"Mimi nilichelewa kubalehe tu." Chap.

Tukacheka, yakaisha. Mtu unayemwona kila siku huwezi kumwona akikua. Hata watoto hukua kwa macho ya wageni.

Basi, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Mwalimu Mkuu wa shule ya jirani alikuja kufuata viatu vyake vyeusi vya kisigino kifupi, alivyovileta kuwekewa soli mpya. Mkaza Mjomba alikuwa ameleta chai. Mimi nilikaa kwenye kigoda, kalibu ya Mjomba ya mguu wa kulia nimeibana kwa magoti, napigilia kipande cha tano, maana viatu vya mwaka jana vilikuwa vimeshaanza kumtoa machozi. Mjomba alikuwa anapunguza soli kwa kisu. Ghafla akakiweka kisu chini, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Kichwa changu kimepasuka," akasema.

"Kimepasukia wapi?" nikauliza bila kuinua macho. "Nikupige kiraka?"

"Nyuma ya macho. Kama mtu kapigilia msumari."

"Wa kisigino au wa soli?"

Mwalimu Mkuu akaanza kucheka. Mjomba akamtazama kwa muda, kisha akasema polepole, "Mwalimu, mbona leo mmekuja wawili?"

"Fundi, leo sitaki maneno. Nataka viatu."

"Sitanii. Nawaona wawili. Mmoja kasimama mabegani mwa mwenzake."

Na pale pale, mbele yetu sote, kope likashuka.

Unafikiri tungefanya nini? Sheria ni sheria. Tukaangua kicheko. Mkaza Mjomba akapiga makofi. "Wewe mwanamume utatuua!"

"Mimi ndiye ninayekufa," akasema Mjomba, jicho limefumba.

Hapo ndipo Mwalimu Mkuu alipofuta machozi. Mimi nilicheka mpaka msumari ukanidondoka mdomoni. Kisha Mjomba akainama juu ya ndoo ya kulowekea ngozi, akatapika.

"Aa, hapo sasa umepitiliza," akasema Mwalimu.

Kicheko changu kilikuwa bado kiko usoni, kimetundikwa tu kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Nikalitazama lile jicho, nikingoja. Moja. Mbili. Tatu. Halikufumbuka. Ndipo nikaelewa jambo ambalo miaka yote sikuwahi kulifikiria: kukonyeza si kufumba. Kufumba kila mtu anafumba, hata maiti. Kukonyeza ni kufumbua.

Halafu nikaona la pili. Kope lililoshuka lilikuwa la kushoto. Na kope la kushoto la Mjomba halijawahi kutania tangu azaliwe.

"Si la kulia!" nikapiga kelele. "Mkaza Mjomba, si la kulia!"

Mkaza Mjomba alielewa papo hapo. Yeye aliolewa kwa jicho lile. Birika lilimponyoka. Mwalimu Mkuu ndiye aliyebaki nyuma. "Nini si cha kulia?" akauliza. "Mimi nilileta vyote viwili, cha kulia na cha kushoto!"

Lakini gari alikuwa nalo, na alipoelewa aliliendesha kama mtu anayewahi mtihani. Nilikaa nyuma, kichwa cha Mjomba mapajani. Nilimwinua kope kwa kidole. Mboni ilikuwa imetanuka kama tundu la kamba lililotobolewa kwa shazia nene, ile sindano yetu ya ngozi, na jicho lenyewe limeangalia nje, chini, mbali nami.

"Unatafuta nini humo?" akaniuliza kwa shida.

"Nakutafuta wewe, Mjomba."

"Nimetoka kidogo."

Sikucheka. Mara ya kwanza maishani.

Mapokezi ya hospitali hayakunisaidia kubaki na huzuni yangu. Katika ile haraka nilikuwa sijaiweka chini kalibu, nikaingia nayo kwapani. Muuguzi akatutazama, akaona mtu mzima anaburutwa na binti amekumbatia mguu, akasema kwa upole, "Miguu ya bandia ni chumba namba sita, mpenzi wangu."

Tukaelekezwa chumba namba mbili. Tabibu aliyekuwa zamu alikuwa mtu mchangamfu, na hiyo ndiyo ilikuwa bahati mbaya yetu.

"Mzee, umeanza kuumwa kichwa lini?"

"Tangu nilipooa," akajibu Mjomba.

Tabibu akacheka. Nakuapia, nilitaka kumziba Mjomba mdomo kwa ile kalibu. Anakufa na bado anachekesha! Tabibu akamulika jicho la kulia, akaona liko sawa, akasema hiki ni kipandauso kikali, mwanga unamsumbua ndiyo maana kafumba lile lingine, atapewa dawa ya maumivu akalale kwenye chumba chenye giza.

"Hajafumba," nikasema. "Limeanguka."

"Dada, watu wenye kipandauso hufumba."

"Huyu hawezi kufumba la kushoto! Hajui! Analotumia ni la kulia!"

Hebu jaribu wewe kumweleza mtu msomi sheria ya kope akiwa na foleni ya watu ishirini mlangoni. Nilijieleza mpaka nikajisikia mimi ndiye ninayehitaji kitanda. Mkaza Mjomba alikuwa amemshika mumewe mkono, na mkono ule ulikuwa na jasho la baridi na unazidi kulegea. Tabibu alikuwa ameshaanza kuandika.

Ndipo daktari mmoja akapita na mafaili yake. Mwanamke mfupi, kijana, kisigino chake cha kulia kimelika upande wa nje. (Samahani, ndiyo kazi yangu, watu nawaanzia chini.) Akasimama. Hakumtazama Mjomba. Alitazama kwapani kwangu.

"Hiyo ni nini?"

"Mguu wa Mjomba."

"Na hivi vipande vya ngozi?"

"Anaongezeka."

"Ana umri gani?"

"Hamsini na mbili."

Akaipokea kalibu, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye vipande kimoja baada ya kingine, akisoma miaka iliyoandikwa. Mwaka, mwaka, mwaka, mwaka, na kile cha tano nilichokuwa nimekipigilia nusu, msumari mmoja ukiwa bado umesimama. Kisha akaenda kitandani. Akaviinua vidole vya Mjomba, vinene kama mihogo, akauliza pete iko wapi. Akamwomba aonyeshe meno. Akasimama mbele yake, akanyoosha mikono yake miwili pembeni, akachezesha vidole.

"Baba, unaviona vidole vyangu?"

"Vidole gani?" akasema Mjomba.

Nilingoja daktari acheke. Hakucheka. Alikuwa mtu wa kwanza siku ile kumsikia Mjomba na kumwamini.

"Picha ya kichwa, sasa hivi," akamwambia tabibu. "Na sindano aanze kabla ya picha. Presha yake inashuka."

Baadaye alituweka kwenye benchi la ukumbini, akatueleza kwa lugha ya watu. Chini ya ubongo, nyuma ya pua, kuna tezi inaitwa pituitari, ndogo kama punje ya harage. Hiyo ndiyo bosi wa homoni zote. Ya Mjomba ilikuwa imeota uvimbe, aina ambayo haionekani mara nyingi. Si saratani, lakini ulikuwa unamwaga homoni ya ukuaji bila kuulizwa, ndiyo maana miguu, vidole, taya, sauti. Ulivyokua, ukaibana mishipa ya macho inayoonyesha ya pembeni, ndiyo maana milango ikaanza kusogea. Na asubuhi ile, ghafla, uvimbe ulivuja damu ndani yake wenyewe, ukafura, ukaubana mshipa unaoinua kope.

"Kwa hiyo ngozi hazikusinyaa," akasema Mkaza Mjomba.

"Hapana, mama."

"Miaka minne namgombeza muuza ngozi!"

Daktari akasema watautoa, na njia ni puani.

"Puani?" Mkaza Mjomba akainuka. "Kwani kichwa hakina mlango mwingine?"

"Huo ndio wa karibu, mama." Kisha sauti yake ikabadilika. Alisema sindano imemshika, na kwa kuwa wamewahi, ana matumaini tutatoka naye mzima. Lakini jicho hawezi kutuahidi. Linaweza kufunguka baada ya wiki kadhaa. Linaweza lisifunguke.

Ukimwambia karani kwamba atabaki na jicho moja, atahuzunika, kisha atarudi kuandika. Fundi viatu anahitaji yote mawili. Jicho moja linajua tundu liko wapi, la pili ndilo linalojua liko mbali kiasi gani. Shazia haina huruma kwa anayekisia.

Kabla hawajampeleka, daktari wa upasuaji alimwinamia Mjomba. "Tumekueleza yote. Unakubali tukufanyie?"

"Ngoja kwanza nifikirie," akasema Mjomba.

Daktari akarudi nyuma. Mkaza Mjomba akasogea mbele, machozi yanamtiririka na meno yote nje. "Anakubali, daktari. Huyu namjua. Ndivyo anavyokubali."

Na Mjomba akakonyeza, kwa la kulia, kama sheria inavyotaka. Ila la kushoto lilikuwa limeshafungwa, kwa hiyo akajizimia taa zote mbili. Wakamsukuma akiwa bado anapapasa hewa akisema, "Nani kazima? Nani kazima?"

Tulikaa kwenye lile benchi kwa muda wa saa nne nzima. Mwalimu Mkuu hakuondoka. "Nangoja viatu vyangu," alikuwa anasema kila mtu akimwambia aende.

Alitoka mzima, pua imejazwa pamba, mwenye hasira kwa sababu alikatazwa kupiga chafya na kupenga kamasi. Siku chache baadaye akarudi nyumbani na vidonge ambavyo atavimeza kila asubuhi maisha yake yote, kwa sababu ile tezi sasa imekuwa kama bosi mstaafu, haiendi kazini kila siku. Na kope la kushoto limeshuka vilevile.

Utani wetu ukaingia matatizoni. Mjomba akisema, "Nina njaa," mteja anacheka. Akisema, "Nipe maji," mteja anampigia makofi. Ilibidi tuibadili sheria, nikaiandika kwa chaki mlangoni: KOPE LA KULIA TU NDILO RASMI.

Lakini mimi niliona. Aliketi kwenye nafasi yake, akachukua shazia, akalenga tundu, akalikosa. Akalenga tena, akajichoma kidole gumba. Mara ya tatu akaiweka shazia chini taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto, akasema ataenda kupumzika. Kesho yake hivyo hivyo. Wiki ya tatu hakutania hata mara moja. Nilimuuliza, "Mjomba, lini nitashona jozi yangu?" nikitarajia mwezi wangu wa thelathini na saba. Akaniangalia kwa jicho moja, akageukia ukutani. Ningelipa chochote kusikia "mwezi ujao".

Jambo moja tu lilimfurahisha. Viatu vyake vikaanza kupwaya. Daktari alisema mifupa hairudi nyuma, lakini minofu na maji vinapungua. Nikachukua koleo, nikaking'oa kile kipande cha tano ambacho sikuwahi kumaliza kukipigilia, nikakiweka mkononi mwake. Akakigeuzageuza.

"Huu ndio mwaka ninaourudisha," akasema. Lakini kope halikucheza, la kulia wala la kushoto.

Wiki ya sita, saa nne asubuhi tena, Mwalimu Mkuu akaingia. Alikuwa anakuja kila Jumanne kumjulia hali, na viatu vyake bado havijakamilika, maana kila mmoja wetu alidhani mwenzake ndiye aliyevimaliza.

"Fundi, hujambo? Sitaki kukuharakisha, lakini mwaka huu nitastaafu nikiwa na ndala."

Mjomba alikuwa amenipa mgongo. Akasema, "Vile vya zamani tuviache, vimeshuhudia mengi. Utashonewa vipya. Mpwa wangu, mpime Mwalimu."

"Nimpime, halafu wewe ukate?"

"Upime, ukate, ushone, upigilie. Wewe."

"Mwezi ujao?" nikauliza.

"Leo."

Akageuka. Mazoea yana taabu, macho yangu yakaenda moja kwa moja usoni kwake kulitafuta kope. Nikaanza na la kulia, lile rasmi. Liko wazi. Ndipo nikaona. La kushoto lilikuwa limeinuka. Si lote, nusu tu, kama mlango wa duka la mvivu, lakini chini yake kulikuwa na jicho, na jicho lilikuwa linanitazama mimi, sawasawa, si nje wala chini.

Nilingoja. Moja. Mbili. Tatu. Hakuna lililoshuka.

"Unangoja nini?" akaniuliza.

"Kope."

"Leo hakuna kope. Chukua karatasi."

Nikatandika karatasi sakafuni, nikachukua penseli. Mwalimu Mkuu akavua ndala, akakanyaga. Mjomba akasogeza kigoda chake karibu, akainama kumwangalia, kwanza miguu, kisha uso, akakaza macho kwa muda mrefu mpaka Mwalimu akaanza kujishuku.

"Mwalimu," akasema, "naona leo umekuja peke yako."

"Peke yangu kabisa, Fundi."

"Afadhali," akasema Mjomba. "Ngozi isingetosha."

Chap.

Nikaanza kuchora, kuanzia kisigino.